Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Mwenzetu mmoja katika toleo lililopita ametupa somo. Kwa jinsi nilivyomwelewa, sisi vijana tukishaajiriwa katika makampuni makubwa tunageuka waoga, mchana tunacheka na bosi na jioni tunamsengenya, na laiti tungekuwa na moyo wa kumwambia ukweli usoni, makampuni yetu yangekwenda mbele kama ya wenzetu wa Ulaya na Marekani. Akamalizia kwa kutuuliza: mnaogopa nini?

Naogopa njaa, ndugu yangu. Naogopa kodi ya chumba, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mpigo. Naogopa kurudi kwa shangazi na begi mkononi na kumsikia akinikaribisha kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya unga. Hata kama wewe vitu hivi huviogopi, si haki kumwita mwoga mtu ambaye mkate wake umo katika mkono wa yule yule anayetakiwa kumwambia ukweli. Swali la kama mfanyakazi anaweza kusema ukweli mbele ya wakubwa limezoeleka kuulizwa kama swali la tabia: huyu jasiri, yule mwoga. Mimi nalikataa likiulizwa hivyo. Nataka tuulize ufunguo anao nani, na ukweli ukishasemwa bili yake analetewa nani.

Tuanze na sanduku lenyewe. Kila kampuni kubwa unayoijua inalo. La mbao au la bati, limepakwa rangi ya kampuni, limetundikwa ukutani karibu na pale tunaposaini asubuhi, lina tundu juu na kufuli pembeni. Limeandikwa kwa herufi kubwa SANDUKU LA MAONI. Watu wanaangalia tundu. Mimi naangalia kufuli. Ufunguo anao Afisa Utumishi. Na Afisa Utumishi ndiye anayeandika barua za onyo, ndiye anayepeleka kwa meneja orodha ya wanaoongezewa mkataba na wasioongezewa. Yaani kuku ameambiwa aandike malalamiko yake, kisha ayatumbukize mfukoni mwa kicheche.

Sisemi kwa kusikia. Nimekuwa karani wa stoo katika kampuni moja kubwa hapa Dar es Salaam, jina siitaji, kwa miezi kumi na mmoja ya mikataba ya miezi mitatu mitatu. Tulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Babu, mtu wa leja, mwenye mwandiko kama wa shule za misheni za zamani. Foklifti moja pale stoo haikuwa na breki. Dereva alikuwa anaisimamisha kwa kuigotesha ukutani. Babu akaandika karatasi, mistari minne, bila jina, akaitumbukiza sandukuni. Siku ya tatu akaitwa ofisini. Mezani iliwekwa karatasi yake, na pembeni yake leja ya stoo imefunguliwa, herufi kwa herufi. Habari ya breki hakuulizwa hata neno moja. Aliulizwa kwa nini anachafua hali ya hewa, akatakiwa aandike barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Mkataba wake ulipoisha, haukuongezwa. Na ile foklifti? Hadi naondoka ilikuwa bado inagota ukutani. Kilichotengenezwa ni ukuta: ulipigiliwa mbao usibomoke.

Sasa nauliza: wakubwa hawakujua habari ya zile breki mpaka Babu awaandikie? Walijua vizuri. Fundi alikuwa anaziandika katika daftari lake kila wiki na meneja wa zamu anatia sahihi. Wakubwa habari wanazo nyingi. Lile sanduku halikuwaletea jambo jipya kuhusu foklifti, liliwaletea jipya kuhusu Babu.

Mwenzetu ametupeleka Marekani, nami namfuata huko huko. Kulikuwa na kampuni ya nishati pale Houston, Texas, iliyoitwa Enron. Mwaka 2000 ilitangaza mapato ya zaidi ya dola bilioni 100. Ilikuwa na maadili yake manne, na moja kati ya manne hayo lilikuwa Mawasiliano. Lingine Uadilifu. Tarehe 14 Agosti 2001 mkurugenzi wake mtendaji, Jeffrey Skilling, akajiuzulu ghafla. Mwenyekiti, Kenneth Lay, akaitisha mkutano wa wafanyakazi wote, na likawekwa sanduku la maswali. Ndiyo, sanduku! Mama mmoja mwenye cheo kikubwa tu, Sherron Watkins, mhasibu kitaaluma, akaandika karatasi akitahadharisha kwamba hesabu za kampuni zimepikwa na kwamba siku moja zitailipua. Akaitumbukiza. Bila jina.

Hapo nataka msomaji asimame kidogo. Huyu hakuwa karani wa stoo. Alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa kampuni, ana digrii, ana mshahara ambao mimi na wewe tukiuweka pamoja na wa ukoo mzima hatuufikii. Na bado, alipotaka kusema ukweli kwa mara ya kwanza, aliuficha jina lake. Kama ni tabia ya Kiafrika ya kuogopa wakubwa, huyu Mmarekani aliipata wapi?

Watkins baadaye alijitokeza, akaenda kwa Lay mwenyewe na barua ndefu. Lay akampokea vizuri, akaahidi uchunguzi. Uchunguzi akapewa nani? Kampuni ya mawakili iliyokuwa imeshiriki katika baadhi ya mikataba ile ile inayolalamikiwa. Na siku mbili tu baada ya kikao, wakili mmoja wa nje alikwisha kuwaandikia wakubwa wa Enron kuwaeleza sheria inasemaje kuhusu kumfukuza, na kwamba sheria ya Texas haimlindi mfanyakazi wa kampuni anayefichua mambo. Kompyuta yake ikachukuliwa. Hakufukuzwa, nakubali. Lakini angalia mtu alivyoleta habari ya moto, na wenye nyumba kabla hawajatafuta maji wakatafuta namna ya kumtoa yeye nje. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ikaomba kufilisiwa. Maelfu wakapoteza kazi, na wengi pamoja na akiba za uzeeni walizokuwa wameziweka katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Mawasiliano, Uadilifu.

La Boeing nitalipitia haraka, lakini siliachi, kwa sababu ile ndege ilikuwa inakuja huku kwetu. Juni 2018 meneja mmoja mkubwa wa kiwanda cha Renton, Ed Pierson, aliwaandikia wakubwa wake kwamba wafanyakazi wamechoka, ratiba inawasukuma mno, yeye mwenyewe anasita kuipandisha familia yake katika ndege za pale, na akashauri uzalishaji usimamishwe kwanza. Haukusimamishwa. Oktoba mwaka huo ndege ya aina ya 737 MAX ikaanguka Indonesia na watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine ikaanguka, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu 157, kati yao Wakenya 32. Wachunguzi walielekeza kidole zaidi kwenye mfumo wa kompyuta uliokuwa unaiinamisha pua ya ndege, kwa hiyo sitasema kwamba barua ya Pierson ingewaokoa. Nasema hivi: mwaka 2016 Boeing yenyewe iliwahoji wafanyakazi wake waliokasimiwa ukaguzi kwa niaba ya serikali, na 39 katika kila 100 walisema wanahisi shinikizo lisilostahili, na 29 katika kila 100 walihofia yatakayowapata wakitoa taarifa. Hao ni wakaguzi! Kazi yao, ile waliyoajiriwa kuifanya, ni kusema ukweli. Na mshahara wao unatoka kwa anayekaguliwa.

Basi turudi nyumbani, kwa jirani. Sijui kwa nini vijana wengi hapa Tanzania hawalijui jina la David Munyakei. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbele ya macho yake zilipita karatasi za kampuni ya Goldenberg International, iliyokuwa inalipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Almasi, Kenya! Munyakei alizichukua zile karatasi, zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 mambo yakamwagika Bungeni. Kilichofuata: alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Kesi haikumtia hatiani, lakini kazini hakurudishwa. Kibarua chake kikaota nyasi moja kwa moja. Alihamia Mombasa, akahangaika kutafuta riziki. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 akafa, maskini.

Tuzo alipewa, kazi hakupewa. Kila ninapokumbuka habari hii ninakasirika upya, kwa sababu hivi ndivyo tunavyowatendea wakweli wetu: tunawapigia makofi wakiwa wamesimama nje ya geti. Tungekuwa tunaupenda ukweli wake kama tunavyojidai, Munyakei angezeeka akiwa mkuu wa idara ile ile. Mwenzetu anayetuuliza tunaogopa nini, tunaogopa hiyo.

Nitaambiwa: wapo mabosi wazuri, mlango wao uko wazi. Wapo, siwakatai. Mmoja wetu alituambia katika mkutano, baada ya soda kugawiwa, “Semeni bila woga, mlango wangu uko wazi.” Ulikuwa wazi kweli. Ila kuufikia unapita kwa sekretari, na sekretari ana daftari la wageni: jina, idara, saa ya kuingia, sababu ya kumwona mkurugenzi. Daftari lile mkuu wako wa idara analisoma akipita kwenda kunywa chai. Kwa hiyo hata bosi awe malaika, kati yake na wewe kuna ngazi nne za watu ambao ukweli wako unawagusa wao kabla haujamfika yeye. Wema wa mtu mmoja haufui dafu mbele ya ngazi nne.

Nitaambiwa tena: masanduku yakiachwa huru yatajaa majungu. Hili lina ukweli wake. Nimeziona barua zisizo na jina ambazo kazi yake ilikuwa kumchimba mtu tu, kwamba fulani ana mwanamke ofisini, fulani ni mchawi. Lakini majungu yanapikwa wapi? Yanapikwa palipo na moto na pasipo na dirisha. Mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kusema “Mzee, hapa umekosea” na kesho akaja kazini kama kawaida, hahitaji kuandika usiku kwa mkono wa kushoto.

Mimi ninaandika riwaya. Iko katika kaunta buku la tatu sasa, na kila nikifika sura ambayo mfanyakazi anaingia ofisini kwa bosi, ninakwama. Chini ya mwarobaini, saa nne wakati wa chai, watu wangu wanaongea Kiswahili kitamu: “Jamaa anatunyonga, overtaimu ya mwezi wa pili hajalipa mpaka leo.” Wakiingia kwenye korido sauti inashuka: “Yaani mambo si mambo.” Wakivuka kizingiti cha ofisi, mtu yule yule anasema, “Shikamoo mzee, tunashukuru kwa jitihada za uongozi, ila kulikuwa na kachangamoto kadogo.” Overtaimu ya mwezi mzima imekuwa kachangamoto kadogo! Na siku hizi kundi la WhatsApp la kazini limekuja kumalizia: bosi akiandika neno lolote, hata tangazo la kukatwa posho, chini yake zinapangana “Hongera sana bosi”, “Tuko pamoja kiongozi”, mikono imekunjwa kama ya mtu anayesali. Wahakiki watasema wahusika wangu hawana msimamo. Si kosa la wahusika. Ofisi yenyewe ndiyo inayowanyang’anya lugha mlangoni.

Na lugha yetu nayo, samahani wazee, imewapendelea wakubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo tumefundishwa tangu darasa la kwanza. Mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini? Hakuna methali. Kinachovunjika mara nyingi ni guu la mdogo, na kwa hilo tunayo methali: funika kombe mwanaharamu apite.

Lakini isidhaniwe kwamba nchi hii haijawahi kusikia wafanyakazi wakisema. Wamewahi, tena kwa sauti. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani wakaisoma ibara ile kuliko walioiandika. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya migomo mahali pengi, na kilichonishangaza nilipokuwa nikisoma habari zake ni kwamba migomo mingi haikuanzia kwenye mishahara. Ilianzia kwenye matusi, kwenye dharau, kwenye meneja anayemwita mtu mzima kama mbwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar es Salaam walimweka kando mwenye mali wakaendesha kiwanda wenyewe. Waliweza kwa sababu hawakutumbukiza karatasi moja moja kwenye tundu. Walisema mia kwa pamoja, na mwandiko wa watu mia haulinganishwi na leja.

Najua pia mwisho wake. Viwanda vingine vilipotaka kufuata njia ile, polisi waliletwa, na mambo yakazimwa. Na chama cha wafanyakazi cha wakati huo, NUTA, kiliundwa na serikali yenyewe mwaka 1964 baada ya vyama huru kuvunjwa, kwa hiyo kukilalamikia ilikuwa sawa na kumlalamikia baba kwa mjomba aliyetumwa na baba. Kwa hiyo simpambi yeyote. Naonyesha tu kwamba watu wale hawakuwa na damu tofauti na yetu. Walikuwa na karatasi mkononi ambayo bosi aliiogopa, na walikuwa wengi.

Sisi leo tuna karatasi gani? Tunazo, si haba. Kuna sheria ya ajira ya mwaka 2004 inayomzuia mwajiri kumfukuza mtu bila sababu ya haki na utaratibu wa haki, na kuna Tume ya Usuluhishi ya kwenda kulalamika. Mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Nzuri. Ila ile kinga ya kutofukuzwa ovyo haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Na aliyetimiza, kama yuko kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, bosi hana haja ya kumfukuza. Anaacha tu usiku upite. Asubuhi mkataba umeisha, hakuna aliyemfanya mtu kitu, hakuna barua. Babu alikwenda hivyo hivyo, na bosi aliagana naye kwa kumshika mkono.

Kwa hiyo ndugu yangu wa toleo lililopita, acha kutuhubiria ujasiri. Ukitaka kutusaidia kwa kalamu yako, andika ufunguo wa sanduku utoke kwa Afisa Utumishi ukae kwa watu wawili waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na karatasi zisomwe mbele ya wote pamoja na majibu yake. Andika kazi ya kudumu ipewe mkataba wa kudumu. Andika mkaguzi asilipwe na anayekaguliwa. Hayo magumu, najua, hayana ladha ya hotuba. Na kama unaijua kampuni yoyote kubwa, hata moja, ambayo wafanyakazi ndio wenye ule ufunguo, niandikie kupitia kwa mhariri. Barua ya maombi nitaileta kesho yake, vyeti ninavyo: kidato cha nne, daraja la tatu, na Kiswahili nilipata B.